Safari ya kwanza Japani: adabu isiyosikika

Wanaokuja kwenye mafunzo ninayoendesha kwa wasafiri wa Japani ni wa kila namna: wanafunzi waliopata ufadhili, mafundi wanaokwenda kozi fupi, wafanyabiashara wanaofuata magari kwenye minada ya huko. Karibu wote huanza kwa kuuliza maneno ya kusalimia. Nawaelewa. Sisi tumelelewa kwamba ukiwakuta watu hupiti kimya. Asiyesalimu huonekana hakufunzwa na mamaye. Adabu yetu husikika. Ya Wajapani, kwa sehemu kubwa, haisikiki: imo katika namna mtu anavyojizuia asimsumbue mwenzake. Wana neno lake, meiwaku, yaani kero unayomletea mtu mwingine, na watoto huonywa tangu wadogo wasimletee mtu meiwaku. Ukilishika neno hilo, mengi ya nitakayoeleza hapa ungeweza kuyakisia mwenyewe.

Tuanze mlangoni. Sisi hubisha hodi na kungoja karibu. Mjapani anapoingia nyumba ya mtu husema ojama shimasu, na maana yake hasa ni "nakuja kukusumbua". Mara tu baada ya mlango kuna sehemu ya chini kidogo kuliko nyumba, iitwayo genkan, na viatu hukomea hapo. Mtu wa pwani hatashangaa kuvua viatu. Kinachomtatiza ni utaratibu wenyewe. Unavua ukiwa umeelekea ndani, unapanda juu bila kukanyaga ile sakafu ya chini kwa soksi, kisha unageuka kwa upande, unapiga goti na kuviweka viatu vielekee mlangoni, tayari kwa kuondoka. Ndani utapewa slipa. Ukifika kwenye chumba kilichotandikwa tatami, ile mikeka minene ya nyasi, slipa nazo zinabaki nje. Chooni kuna slipa za chooni tu. Zivae humo, uziache humo. Hata baadhi ya mahekalu, migahawa na vyumba vya kujaribia nguo madukani hutaka uvue viatu, kwa hiyo beba soksi nzima na safi, na viatu visivyo na kamba nyingi.

Katika safari yangu ya kwanza nilikaa wiki moja kwa familia moja. Kila asubuhi nilikuta viatu vyangu vimegeuzwa, ncha zikitazama nje. Nilidhani ni bahati tu, mpaka siku ya tano nilipomwona mama mwenye nyumba amepiga magoti akivigeuza. Hakuwahi kuniambia neno. Ndivyo wanavyofanya mara nyingi: mgeni hakosolewi mbele za watu, kosa lake husahihishwa kimya kimya. Kwa hiyo kama hakuna aliyekukemea, usichukulie kwamba umepatia. Tazama wenzako wanafanya nini, ufuate.

Kwenye treni ndipo kimya hicho kinapomshtua mgeni zaidi. Asubuhi Tokyo watu wamebanana bega kwa bega, na bado hakuna sauti. Kupokea simu ndani ya behewa ni kukosa adabu waziwazi. Weka simu kwenye mtetemo, na ukipigiwa tuma ujumbe au ngoja ushuke. Kuzungumza na mwenzako kwa sauti ya chini hakuna neno. Begi la mgongoni livae kifuani au uliweke juu. Panga foleni pale alama zilipochorwa sakafuni, waache wanaoshuka wapite kwanza, na uangalie alama za rangi ya waridi: nyakati za msongamano baadhi ya mabehewa ni ya wanawake peke yao. Kwenye ngazi za umeme, watu wa Tokyo husimama kushoto na wa Osaka kulia, ingawa siku hizi wahusika wanahimiza kila mtu asimame tu bila kutembea, na mkoa wa Saitama uliliwekea kanuni jambo hilo mwaka 2021.

Sisi tunaosafiri na masanduku makubwa tuna la ziada la kujua. Katika treni za kasi za Shinkansen zinazotoka Tokyo kwenda Osaka na Fukuoka, sanduku ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linahitaji kiti kilichokatiwa tiketi pamoja na nafasi ya mzigo. Ni rahisi zaidi kutumia huduma ya kusafirisha mizigo, takuhaibin: unalituma sanduku leo kutoka hoteli moja, na kwa kawaida kesho unalikuta nyingine.

Kuna jambo wasafiri wengi wa Kiafrika wamenieleza kwa uchungu, nami limenipata: kiti cha pembeni yako hubaki kitupu hata behewa likiwa limejaa. Linauma. Mara nyingi ni hofu ya mtu kwamba utamsemesha kwa lugha asiyoijua. Mara nyingine ni ubaguzi, na sitauita kwa jina jingine. Usilipokee kama hukumu ya nchi nzima. Mtu huyohuyo aliyekwepa kukaa anaweza, ukimwonyesha ramani na kusema sumimasen, kuacha njia yake na kukusindikiza mpaka kituoni. Sumimasen ndilo neno litakalokusaidia kuliko yote: ni samahani, ni tafadhali sikiliza, na mara nyingi ni asante pia. Kulitamka hakutakupa shida, maana irabu za Kijapani ni tano kama zetu, a, e, i, o, u. Dukani utapokewa kwa sauti kubwa, irasshaimase, yaani karibu! Huhitaji kuitikia, inamisha kichwa kidogo, inatosha.

Utashangaa pia kwamba mji ni safi na mapipa ya taka hayaonekani. Mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo tarehe 20 Machi 1995. Beba mfuko mdogo, taka zako ziende nawe hotelini. Na usile huku unatembea. Simama au kaa, umalize.

Mezani, kabla ya kula husemwa itadakimasu, napokea kwa unyenyekevu, na baada ya kula gochisosama, asante kwa chakula. Bakuli la wali hunyanyuliwa kwa mkono wa kushoto huku vijiti vikishikwa kwa kulia, kwa hiyo mkono huo wa kushoto usikukwaze. Tambi za mchuzi huvutwa kwa sauti bila aibu. Makosa mawili ya vijiti ndiyo mazito, na yote yanahusu msiba. Usivisimike wima kwenye wali, maana hivyo ndivyo wali unavyotengewa marehemu. Wala usimpokeze mtu chakula kutoka vijiti vyako kwenda vijiti vyake: baada ya maiti kuchomwa, jamaa huokota mifupa kwa vijiti na kupokezana namna hiyohiyo. Ukifanya hivyo mezani, unawakumbusha wenzako siku waliyomzika mzazi.

Kwa Waislamu na wengine wasiokula nguruwe, jifunzeni neno buta, yaani nguruwe. Mchuzi wa ramen, zile tambi za mchuzi, uitwao tonkotsu umetokana na mifupa ya nguruwe hata kama huoni nyama ndani. Mirin na sake ya kupikia ni pombe, na huingia kwenye michuzi mingi. Sema butaniku wa taberaremasen, siwezi kula nyama ya nguruwe, lakini usitegemee mpishi akubadilishie chakula. Wengi watakwambia kwa upole kwamba haiwezekani. Afadhali utafute mapema migahawa ya halali, ambayo miji mikubwa inayo. Msikiti wa Kobe, wa kwanza kujengwa nchini humo, ulifunguliwa mwaka 1935, na Tokyo upo Tokyo Camii, karibu na kituo cha Yoyogi-Uehara. Jengo lake la sasa lilifunguliwa mwaka 2000. Viwanja vya ndege vya Narita na Haneda vina vyumba vya sala. Na kwa watu tuliozoea kuchamba kwa maji, Japani ni raha: vyoo vingi vina vitufe vya kurushia maji, hata ya uvuguvugu.

Kuoga ni habari nyingine. Mabafu ya maji ya moto ya ardhini, onsen, ni sehemu ya maisha ya Wajapani, lakini humo watu huoga uchi, wanaume upande wao na wanawake wao. Unajisugua na kujisuuza kabisa kwanza, ukiwa umekaa kwenye kigoda. Hodhi ni la kujituliza, si la kuondolea uchafu. Taulo dogo haliingii majini. Wenye chale za wino mwilini hukataliwa sehemu nyingi, na piko la bibi harusi linaweza kudhaniwa ni chale, basi eleza mapokezi mapema. Asiyetaka kuvua nguo mbele za watu, kwa dini au kwa haya yake, ana njia: aulizie bafu la kukodi la faragha, kashikiri. Hakuna atakayemlaumu.

Bakshishi haipo. Ukiacha pesa mezani, mhudumu anaweza kukukimbilia barabarani akurudishie. Pesa huwekwa kwenye kisahani kilicho kaunta, na kadi ya biashara hupokelewa kwa mikono miwili, husomwa, wala haitiwi mfukoni papo hapo. Wafanyabiashara wasikilize hasa hili: Mjapani akivuta pumzi na kusema chotto, "kidogo...", au kwamba jambo ni gumu, amekataa. Ni kama mtu wa kwetu anavyosema tutaona. Kumbana ni kumwaibisha.

Kuhusu saa, tuna bahati isiyo ya kawaida. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita, na sisi tunahesabu saa kwa tofauti hiyohiyo ya sita. Nyumbani ikiwa saa tatu asubuhi, mshale wa saa ya Tokyo uko kwenye 3, alasiri. Soma tarakimu iliyo kwenye saa yako ya Japani, ndiyo saa ya nyumbani kwa Kiswahili. Umeme wao ni volti 100 na plagi ina bapa mbili. Chaja nyingi za simu zitafanya kazi ukiwa na adapta, pasi yako ya nguo iache nyumbani.

Pasipoti tembea nayo kila siku, ni sheria kwa mgeni, na polisi wanaweza kuitaka. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini na za maumivu au kikohozi zenye kodeini usizibebe kabla ya kuuliza ubalozi, kwa sababu dawa ya kawaida dukani kwetu inaweza kukuweka mahabusu kule. Simu ikipiga kelele ya ghafla, ni onyo la tetemeko: ingia chini ya meza, kinga kichwa, usikimbilie nje. Polisi ni 110, gari la wagonjwa na zimamoto 119.

Na ukialikwa nyumbani kwa mtu, beba zawadi ndogo iliyofungwa vizuri, uitoe kwa mikono miwili. Vitu vinne vinne viepuke, kwa kuwa neno shi, nne, linasikika kama kifo. Sisi humsindikiza mgeni kwa kutembea naye hadi njia panda. Wao husimama mlangoni wakikutazama mpaka upotee machoni. Kwa hiyo ukifika kwenye kona usikate tu. Geuka, utawakuta bado wamesimama, uiname mara moja tena.