Maana ya Maonyesho ya Mapitio katika Uchoraji

Maonyesho ya mapitio ni yale yanayokusanya mahali pamoja kazi za msanii mmoja za vipindi vyote vya maisha yake, tangu michoro ya ujanani hadi picha za uzeeni, ili mtazamaji aone alikoanzia na alikofikia. Hayo ni tofauti na maonyesho ya kawaida, ambayo aghalabu huonyesha kazi mpya zinazotafuta wanunuzi. Msanii anaweza kufanyiwa mapitio angali hai, tena zaidi ya mara moja.

Kwa mfano, Lucian Freud, aliyezaliwa Berlin mwaka 1922, akahamia Uingereza mwaka 1933 na kufariki London mwaka 2011, alikuwa mchoraji wa maumbo halisi: katika picha zake mtu hutambulika kuwa mtu, na mbwa kuwa mbwa, ingawa katika zama zake wachoraji wengi waliosifiwa walikuwa wamegeukia sanaa dhahania, isiyochora vitu kama vinavyoonekana. Ukitazama picha yake moja utadhani umemjua, kumbe bado. Ile ya mke wake wa kwanza, Kitty, aliyelaziwa mapajani kichwa cha mbwa mweupe, ilikamilika mwaka 1951, na rangi yake ni nyembamba na nyororo, iliyopakwa kwa subira kubwa kwa brashi za manyoya laini. Miaka michache baadaye Freud aliacha kuchora akiwa ameketi, akasimama, akashika brashi ngumu za manyoya ya nguruwe. Hatimaye akaipenda rangi nyeupe nzito yenye madini ya risasi, na ngozi ya binadamu ikawa inavimba juu ya turubai kama udongo uliofinyangwa. Picha yake ya mwisho, aliyoiacha bila kuimaliza, ina mbwa tena, na sehemu ya turubai ingali tupu. Kati ya mbwa hao wawili imepita miaka 60 ya mkono mmoja kubadilika, na badiliko hilo, kwa maoni yangu, ndilo jambo ambalo maonyesho ya mapitio pekee yanaweza kulionyesha.

Kuyaandaa si kazi ndogo. Picha nyingi zimo majumbani mwa watu binafsi au katika makumbusho ya nchi nyingine, hivyo kila moja huombwa kwa mwenyewe, husafirishwa kwa uangalifu na kurudishwa. Nchini Uingereza serikali ina mpango wa kubeba dhamana ya kazi zilizoazimwa endapo zitaharibika au kupotea.

Hatari hiyo ni ya kweli. Mwaka 1988, mapitio ya Freud yalipofika Berlin, mji aliozaliwa, picha ya uso wa rafiki yake, mchoraji Francis Bacon, aliyoichora mwaka 1952 juu ya kipande cha shaba, sentimita 18 kwa 13 hivi, iliibwa ukutani. Tate, jumba la sanaa la London, ilipokuwa ikiandaa mapitio ya mwaka 2002, Freud alibuni mwenyewe bango la kuitafuta, lenye sura ya Bacon na ahadi ya zawadi ya mark 300,000 (sarafu ya Ujerumani ya wakati huo), likabandikwa katika mitaa ya Berlin. Alitaka picha hiyo ikae na wenzake. Maonyesho yalifunguliwa bila hiyo, na hadi leo haijapatikana.