Daraja la Ironbridge: yasemwayo na yalivyo

Eti ndilo daraja la kwanza la chuma duniani. Siyo. Kule Luding, China, watu walikuwa wakivuka juu ya minyororo ya chuma tangu 1706. Sifa ya hili la Mto Severn, Shropshire, Uingereza, ni nyingine: ndilo daraja kubwa la kwanza la chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Upinde wake una mita 30 na ushei.

Eti limefungwa kwa bolti. Hapa ndipo ninapopapenda. Simama chini yake utazame mbavu zinapokutana. Vipande kama 1,700 vimeungwa jinsi seremala anavyounga fremu ya mlango: ulimi unaingia tunduni, kisha kabari inagongwa mpaka ikaze. Bolti utakazoziona ni chache: baadhi ni za tangu mwanzo, zinaunga nusu za mbavu kileleni mwa upinde, na nyingine ni za matengenezo ya baadaye. Mafundi wa 1779 hawakuwa na daraja la kuiga, wakalifanyia chuma walichozoea kuifanyia mbao. Tena walikijaza kupita haja, takriban tani 380. Daraja la Sunderland la 1796 lilikuwa refu zaidi ya maradufu kwa chuma pungufu.

Eti Abraham Darby ndiye aliyelibuni. Mchoro ni wa Thomas Pritchard, msanifu majengo aliyefariki 1777, kabla hata upinde haujasimama. Darby, wa tatu kwa jina hilo katika ukoo wao, alisubu chuma na kujenga. Gharama zikamzidi, akaishi na madeni mpaka kufa.

Eti nyufa zake maana yake chuma kimechoka. Mkosaji mkubwa ni bonde lenyewe: kingo zake zinateleza na kuzisukuma nguzo za pembeni zikaribiane. Ndiyo maana miaka ya 1970 ililazwa zege chini ya mto kuzizuia.

Na rangi? Kijivu kilichozoeleka kwenye picha si cha asili. Mwaka 2018 lilirudishiwa wekundu wa kahawia uliokutwa chini ya rangi za baadaye.

Eti waenda kwa miguu wamevuka bure siku zote. Magari yalifungiwa 1934, lakini mtembea kwa miguu aliendelea kutoa senti zake hadi 1950. Kwenye nyumba ya mtoza ushuru upo ubao wa viwango, nao unasema wazi: askari atalipa, awe kazini au la, na familia ya kifalme pia.