Gharama wastani ya umeme katika uhai wa mtambo, na nguvu ya riba ndani yake

Husemwa kwamba umeme wa jua sasa ni nafuu kuliko umeme wa gesi au makaa ya mawe, na husemwa pia kwamba bado ni ghali mno kwa nchi nyingi. Kauli zote mbili zinaweza kuwa za kweli kwa wakati mmoja. Anayetaka kujua ni kwa vipi hana budi kukifahamu kipimo kinachotumika kulinganisha mitambo, yaani gharama wastani ya umeme katika uhai wote wa mtambo.

Kipimo hiki hupatikana kwa kujumlisha gharama zote za mtambo tangu unapoanza kujengwa hadi unapong'olewa: ujenzi wenyewe, matengenezo, mishahara, mafuta kama yanahitajika, pamoja na malipo anayodai mwenye mtaji. Jumla hiyo hugawanywa kwa umeme wote utakaozalishwa katika miaka hiyo. Jibu ni bei ambayo kila kilowatisaa, au uniti kama wengi tulivyozoea kuiita, ingepaswa kuuzwa ili fedha zote zilizowekezwa zirudi pamoja na malipo yake. Malipo hayo ya mtaji, ambayo hapa nitayaita riba kwa ufupi, ndiyo sehemu ambayo wasomaji wengi huipita haraka, ilhali mara nyingi ndiyo inayoamua mtambo upi ushinde. Aliyezifunga fedha zake kwa miaka 25 hudai alipwe kwa kusubiri, na hudai alipwe zaidi kadiri anavyoona hatari ya kutozipata tena.

Tuchukue mfano wa makadirio. Mtambo wa jua wenye uwezo wa kilowati 1 umejengwa kwa dola 1,000, unazalisha uniti 1,700 kwa mwaka, unagharimu dola 15 kwa mwaka kuutunza, na utaishi miaka 25. Kando yake upo mtambo wa gesi wenye uwezo kama huo, uliojengwa kwa dola 900, unaozalisha uniti 6,000 kwa mwaka kwa kuwa haungoji jua, lakini unaotumia senti 5 za gesi na uendeshaji kwa kila uniti. Mwekezaji akipata mtaji kwa riba ya asilimia 5, umeme wa jua utamgharimu takriban senti 5.1 kwa uniti na wa gesi senti 6.1. Riba ikipanda hadi asilimia 12, umeme wa jua unafika senti 8.4, ilhali wa gesi unasogea hadi 6.9 tu. Jua ni lile lile, paneli ni zile zile, mafundi ni wale wale, lakini mshindi amebadilika.

Sababu yake ni kwamba karibu gharama yote ya mtambo wa jua au wa upepo hulipwa kabla uniti ya kwanza haijauzwa. Mwenye mtambo wa gesi hulipia mafuta yake kidogo kidogo, kwa kadiri anavyoyachoma, na hivyo deni lake la mwanzo ni sehemu ndogo ya gharama yote. Mwenye paneli amenunua umeme wa miaka 25 kwa mkupuo mmoja, kwa fedha za kukopa, na kila nukta ya riba inamkaba kwa miaka yote hiyo.

Hapo ndipo sera ya tabianchi inapogusana na benki. Shirika la Kimataifa la Nishati limeeleza kwamba gharama ya mtaji kwa miradi ya nishati safi katika nchi zinazoendelea ni zaidi ya mara mbili ya ile ya nchi tajiri. Kwa maoni yangu huu ni mmoja wa udhalimu mkubwa katika suala zima, kwa sababu nchi nyingi zenye jua kali mwaka mzima ndizo zinazolazimika kulinunua kwa riba ya juu. Riba hiyo haitokani na ugumu wa teknolojia. Hutokana na hofu kwamba shirika linalonunua umeme halitaweza kulipa, kwamba sheria itabadilishwa katikati ya mkataba, au kwamba mapato yatakuwa kwa fedha ya nchi wakati mkopo ni wa dola na fedha hiyo ikashuka thamani.

Kwa hiyo sera inayopunguza hatari inaweza kushusha bei ya umeme hata bila kutoa ruzuku kubwa. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2000 iliwahakikishia wazalishaji wa nishati jadidifu bei maalumu kwa miaka 20, na benki zikaweza kukopesha kwa kutegemea mapato yanayojulikana. Uingereza hutumia mikataba ya aina nyingine: bei hukubaliwa kwa mnada, kisha bei ya soko ikishuka chini yake mzalishaji hulipwa pengo, na ikipanda juu yake hurudisha ziada. Utaratibu huo ni mzuri, ila nao hauwezi kuikwepa riba. Katika mnada ambao matokeo yake yalitangazwa Septemba 2023, baada ya riba na bei za vifaa kupanda, hakuna hata mradi mmoja wa upepo wa baharini uliojitokeza, kwa kuwa serikali ilikuwa imeweka kikomo cha bei cha paundi 44 kwa megawatisaa, yaani uniti 1,000, kwa thamani ya fedha ya mwaka 2012. Kwa mnada uliofuata kikomo kilipandishwa hadi paundi 73, na miradi ikarudi.

Lipo eneo jingine ambalo kipimo hiki, kikiachwa peke yake, husema nusu ya ukweli. Hesabu ya mtambo wa gesi iliyotajwa juu haina hata senti moja ya madhara ya hewa ukaa, kwa sababu anayeichafua anga halipi, na anayeumia kwa ukame au mafuriko hayumo katika mkataba. Mchumi wa Uingereza Arthur Pigou alikwisha kueleza mwaka 1920 kwamba gharama anayobebeshwa mtu wa nje inaweza kurudishwa kwa mwenye kuisababisha kwa njia ya kodi. Finland ilianza kutoza kodi ya kaboni mwaka 1990 na Sweden mwaka uliofuata; Umoja wa Ulaya ulianzisha soko la vibali vya uchafuzi mwaka 2005. Turudi kwenye mfano wetu: mtambo wa gesi hutoa karibu kilo 0.4 za hewa ukaa kwa kila uniti, hivyo kodi ya dola 50 kwa tani huongeza senti 2. Kwa riba ya asilimia 12 gesi sasa inagharimu senti 8.9, na jua, kwa senti zake 8.4, linashinda tena. Kwa makaa ya mawe, ambayo hutoa takriban kilo 1 kwa uniti, nyongeza ingekuwa senti 5.

Bei ya paneli zenyewe nayo haikushuka kwa bahati. Mwaka 1936 mhandisi wa Marekani Theodore Wright alionyesha kwamba gharama ya kutengeneza ndege hupungua kwa kiwango kinachokaribia kuwa cha kudumu kila jumla ya ndege zilizokwisha kutengenezwa inapoongezeka maradufu. Paneli za jua zimefuata mwenendo huo kwa miongo kadhaa, zikishuka bei kwa takriban moja ya tano kila maradufu. Wajerumani waliolipia umeme wa jua kwa bei ya juu miaka ya 2000 walifungua soko, viwanda, hasa vya China, vikapanuka, na kati ya mwaka 2010 na 2023 gharama wastani ya umeme wa mitambo mikubwa ya jua duniani ilishuka kwa karibu asilimia 90. Faida hiyo inamfikia hata mtu ambaye hakuchangia chochote, na ndiyo maana soko huria lisingeianzisha lenyewe kwa kasi iliyohitajika.

Kipimo hiki pia huhesabu uniti ya saa sita mchana na ya saa mbili usiku kana kwamba ni bidhaa moja. Pale paneli zinapokuwa chache tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Zinapoongezeka, zote huzalisha kwa wakati mmoja, bei ya mchana katika soko la jumla huporomoka, na mwekezaji mpya hukuta kwamba umeme wake, ingawa ni wa gharama ndogo, unauzwa pia kwa bei ndogo, huku jioni gridi ikihitaji betri, mabwawa au mitambo ya akiba ambayo gharama yake haimo katika hesabu ya paneli. Kwa sababu hiyo wapangaji wa gridi hawaishii kuuliza uniti inazalishwa kwa senti ngapi. Huuliza pia mfumo mzima utagharimu kiasi gani mtambo huo ukiingizwa, na kiasi gani usipoingizwa. Betri zinaibadilisha hesabu hiyo haraka, na kwa kuwa nazo hulipiwa karibu zote mwanzoni, riba inazibana kama inavyozibana paneli.