Mavi ya mbwa yakikauka ndio yameisha? Maswali ninayoulizwa kliniki

Niko kliniki ya watoto, na kila nikimuuliza mzazi kama nyumbani kuna mbwa najibiwa "yupo, lakini mavi yake yanakauka yenyewe huko uani". Haya hapa maswali yanayofuata baada ya hapo, na majibu ninayotoa, mengine kwa upole mengine nimeshachoka.

Kwani kinyesi cha mbwa kina nini cha kutisha hivyo?

Kina bakteria wa kuharisha, kina jiadia, kijidudu cha utumbo, hao shughuli yao mnaijua, tumbo linakoroga siku kadhaa. Mimi naogopa zaidi minyoo. Kuna toksokara, mnyoo mviringo wa mbwa, kuna safura ya mbwa, na kuna tegu mdogo anayemwekea binadamu uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, unakua kimyakimya miaka na miaka. Huyo tegu mbwa anampata kwa kula mapafu na maini mabichi ya mifugo yenye uvimbe, kwa hiyo ukichinja acha kumrushia mbwa hayo mabaki. Na kabla hujauliza, kichaa cha mbwa hakipatikani kwenye kinyesi, hiyo ni habari ya kung'atwa na mate.

Lakini yakishakauka si yameisha nguvu?

Hapana. Narudia, hapana. Yai la toksokara likitoka kwenye kinyesi kibichi bado halijaiva, siku hiyo haliwezi kumwambukiza mtu. Linahitaji kama wiki 2 hadi 4 hapo chini ndio liive. Sasa piga hesabu mwenyewe, wiki 2 hadi 4 ndio muda ule ule ambao kinyesi kimekauka, kimepukutika, kimekanyagwa, kimechanganyika na mchanga na hakuna anayekiona tena. Wewe unasema kimeisha, kumbe ndio kinaanza kazi! Mnyoo jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya laki 1 kwa siku, na yakishaingia kwenye udongo wenye unyevu na kivuli yanakaa miezi, hata miaka.

Ndio maana nasema okota kila siku, sio Jumamosi kwa Jumamosi. Ukiokota leo toksokara umemtoa akiwa bado mbichi.

Msimu wa mvua je, si mvua inaosha yenyewe?

Inaosha inapeleka wapi? Mvua haiui yai, inalihamisha tu, kutoka kona aliyojisaidia mbwa linaenda kwenye bustani ya mboga, kwenye mtaro, kwenye kisima kisichofunikwa, na pale kwenye dimbwi ambalo watoto wanachezea matope. Kiangazi nako watu wanajipumzisha eti jua litaunguza, ni kweli jua kali na ukavu vinapunguza mayai yaliyo juu kabisa, ila yaliyo chini ya majani au chini ya mti yanakaa raha mustarehe. Hata kule kwenye theluji mayai yanavumilia baridi, theluji ikiyeyuka kinyesi cha miezi yote kinaibuka kwa mpigo. Hakuna msimu wa likizo hapa.

Si mbolea kama ya ng'ombe?

Siyo. Ng'ombe anakula majani, mbwa anakula nyama na makombo, na minyoo yake sio ile ya ng'ombe. Lundo la mboji la nyumbani kwa kawaida halipati joto la kutosha kuua mayai haya. Usiweke kwenye mchicha, tafadhali.

Mbwa wangu ni msafi na anakunywa dawa za minyoo.

Vizuri, endelea, muulize daktari wa mifugo ratiba, mbwa wakubwa wengi wanapewa kila baada ya miezi 3. Lakini watoto wa mbwa ndio wabaya kuliko wote, wanapata toksokara tangu tumboni mwa mama na kwenye maziwa, kwa hiyo wanaanza dawa wakiwa na wiki 2 tu. Na ndio hao hao watoto wenu wanawabeba kutwa nzima.

Mtoto anaambukizwaje, mbona hali mavi?

Hali mavi, anakula udongo. Mtoto wa miaka miwili mitatu anakaa chini, anachimba kwa kijiko, anajipangusa pua kwa mkono huo huo kisha anaweka kidole mdomoni. Siku moja nilimshika mmoja mkono nikamwonyesha mama yake kucha, kumi zote zina mstari mweusi wa udongo, na mkono wa pili ameshika biskuti. Sikuwa na la kuongeza.

Ndani ya mwili yai la toksokara linaanguliwa, kiluwiluwi, yaani mnyoo mchanga, kinatoboa utumbo kinaanza kuzurura, ini, mapafu, wakati mwingine jicho. Wengi hawaoni dalili yoyote. Wengine wanapata homa zisizoeleweka, kikohozi na kifua kinacholia kama cha pumu, maumivu ya tumbo.

Nilimpa dawa ya minyoo ya dukani, na choo kilipimwa hakina kitu, si amepona?

Hapa ndipo ninapokosa uvumilivu. Kipimo cha choo HAKIONYESHI toksokara kwa binadamu, kwa sababu ndani yetu mnyoo huyu hakui akawa mkubwa wa kutaga. Choo safi hakina maana yoyote kwenye hili, tunaangalia damu. Na kile kidonge kimoja cha dukani hakitoshi, matibabu yake ni ya siku kadhaa na kwa uangalizi. Kwa hiyo mtoto anakohoa wiki ya tatu, anakula udongo, nyumbani kuna mbwa, mlete, useme hayo yote matatu bila kuona haya, maana usiponiambia kuhusu udongo na mbwa nitahangaika na pumu.

Na hilo jicho?

Kiluwiluwi kikiingia kwenye jicho, mara nyingi ni jicho moja tu, na mtoto haumwi wala halalamiki, anaona kwa lile lingine basi anaendelea kucheza. Wazazi wanakuja baada ya miezi, "tulidhani makengeza yatanyooka akikua". Mkiona makengeza yameanza ghafla, au mboni inang'aa weupe kwenye picha au kwenye mwanga, nendeni siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo, jamani, sio baada ya mtihani wala baada ya mshahara, kwa sababu weupe huo unaweza kuwa hata saratani ya jicho, na kovu likishajijenga nyuma ya jicho dawa hairudishi uoni. Nyumbani unaweza kufanya hivi, ziba jicho moja kwa kiganja mpe kitu anachokipenda, kisha ziba la pili. Akilia na kukusukuma mkono ukiziba upande mmoja tu, umeshajua lile lililobaki wazi halioni vizuri.

Mguuni ana mstari mwekundu unaowasha, unatembea.

Safura ya mbwa, imepenya kwenye ngozi alipotembea peku kwenye mchanga. Huwa nachora kwa kalamu pale mstari unapoishia, kesho yake umeshavuka alama. Dawa zipo, zinafanya kazi. Msichome kwa moto, msipake mafuta ya taa, mtabaki na kidonda na mdudu yuko palepale.

Sanitaiza inatosha?

Haitoshi, ganda la yai ni gumu, linavumilia spiriti na hata klorini ya kawaida. Maji na sabuni, sugua, piga brashi kwenye kucha.

Haya, naokotaje?

Vaa mfuko wa plastiki mkononi kama glavu, shika, ugeuze ndani nje, funga, tia kwenye pipa la taka. Au chota kwa koleo utumbukize kwenye choo cha shimo bila mfuko. Huna hivyo vyote, chimba shimo refu mbali na kisima na bustani. Akiharisha mbwa usiseme haiokoteki, chota pamoja na udongo wa juu. Kisha nawa, maana mayai ya yule tegu hayasubiri wiki mbili, yanatoka yakiwa tayari. Na mchanga wa watoto kuchezea ufunike usiku, hata kama wewe huna mbwa, wa jirani anaruka uzio.