Mkanda wa Picha Katika Zama za Dijitali: Yanayosemwa na Yaliyopo

Dhana inayosikika kuliko nyingine zote ni kwamba mikanda ya picha, yaani filamu za kamera, haitengenezwi tena, na kwamba inayouzwa leo ni masalia ya maghala. Ukweli ni kwamba Kodak ingali inatengeneza mikanda mjini Rochester, Marekani, na kampuni ya Harman inaendelea kutengeneza ile ya Ilford huko Mobberley, Uingereza. Hata baadhi ya mikanda iliyokwisha kuagwa imerudi: mwaka 2018 Kodak ilirejesha Ektachrome, ambayo ilikuwa imeiondoa sokoni mwanzoni mwa muongo huo, na mwishoni mwa 2023 Harman ikatoa Phoenix, mkanda wa rangi iliouunda yenyewe. Mwezi Juni 2024 Pentax nayo ilizindua kamera mpya ya mkanda inayogawa kila fremu mara mbili, hivyo kwamba mkanda wa picha 36 hutoa picha 72, jambo linalomfaa sana anayehesabu gharama ya kila picha.

Wengine husimulia kwamba Kodak ilianguka kwa sababu haikuijua teknolojia ya dijitali. Iliijua mapema mno. Mwaka 1975 mhandisi wake, Steven Sasson, aliunda kamera ya dijitali iliyonasa picha ya pikseli 10,000 na kuchukua sekunde 23 kuirekodi kwenye kaseti. Tatizo lilikuwa kwamba faida ya kampuni ilitokana na mikanda, kemikali na karatasi, na kamera ile haikuhitaji hata kimoja kati ya hivyo. Januari 2012 Kodak iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake, ikatoka humo Septemba 2013 ikiwa kampuni ndogo zaidi. Watu hukumbuka kufilisika, lakini husahau kwamba ilipotoka bado ilikuwa inatengeneza filamu. Mwaka 2015 studio sita kubwa za Hollywood zilikubali kuendelea kununua filamu zake za sinema, ununuzi uliosaidia kiwanda kiendelee kufanya kazi, na kwa maoni yangu mpiga picha wa kawaida anadaiwa na watu wa sinema shukrani ambazo hajawahi kuzitoa.

Hapo ndipo inapovunjika dhana ninayoiona kuwa ya hatari zaidi, nayo ni kwamba maadamu vijana wameupenda tena mkanda, basi umeshapona. Mkanda wa rangi hutengenezwa kwa kupaka matabaka mengi ya jelatini yenye fuwele za misombo ya madini ya fedha juu ya plastiki, gizani, na matabaka hayo yote kwa pamoja ni membamba kuliko unywele. Mashine za kazi hiyo zilijengwa wakati karibu kila picha duniani ilipigwa kwa mkanda. Huwezi kuziwasha ili kutengeneza mikanda mia mbili tu. Polaroid ilipoacha kutengeneza filamu zake za papo hapo mwaka 2008, kundi dogo la watu liliokoa mashine za kiwanda cha Enschede, Uholanzi, lakini likakuta baadhi ya kemikali za lazima hazitengenezwi tena popote, ikabidi liunde mchanganyiko mpya. Filamu zake za mwanzo zilikuwa dhaifu kiasi kwamba picha ilipotoka ilibidi ikingwe mwanga mara moja isiharibike. Wateja walikuwapo na mashine zilikuwapo. Waliokosekana ni wauzaji wa malighafi.

Kamera zenyewe nazo zinazeeka. Nyingi zinazotumika zina miongo kadhaa, na ukifungua mlango wa nyuma mara nyingi unakuta povu jeusi (sponji) la kuzuia mwanga limegeuka utandu unaonata kama lami, ukiligusa linabaki kidoleni.

Kuhusu ubora, mabishano huwa marefu kuliko yanavyostahili. Mkanda wa negativu za rangi, yaani ule unaotoa picha yenye rangi zilizogeuzwa ambayo husafishiwa picha halisi, huvumilia mwanga uliozidi, ndiyo maana mawingu meupe hubaki na umbo lake, lakini penye mwanga hafifu kamera ya dijitali huushinda waziwazi. Tena picha nyingi za mkanda siku hizi, zikishasafishwa, huingizwa kwenye skana na kutazamwa kwenye simu, kwa hiyo kuzitenga kabisa na dijitali ni kujidanganya.

Ipo pia dhana kwamba mashine za ukaguzi za viwanja vya ndege haziudhuru mkanda. Hilo lilikaribia kuwa kweli kwa mashine za zamani za mizigo ya mkononi na mikanda isiyo na kasi kubwa, yaani isiyo nyepesi sana kuathiriwa na mwanga. Mashine mpya za CT, zinazopiga eksirei kutoka pande nyingi, huweza kuutia ukungu mkanda ambao haujasafishwa, na ni busara kuomba ukaguliwe kwa mkono.

Mwisho ni imani kwamba negativu hudumu milele. Za rangi hupauka, na zile za asetati, aina ya plastiki, zikihifadhiwa penye joto na unyevu, huanza kuoza kwa kutoa asidi, zikajikunja na kusinyaa. Dalili ya kwanza hujulikana kwa pua: ukifungua boksi la negativu za zamani ukapata harufu kali ya siki, zitenge na nyingine siku hiyo hiyo, kwa kuwa mvuke wa asidi hiyo huharakisha kuoza kwa zile zilizo jirani.