Je, wajua CD moja inavyoweza kuwasha kompyuta kama flopi nyingi?

Tuseme fundi kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, ameitwa kiwandani Industrial Area. Kompyuta inayoendesha mashine ya kukatia chuma ni ya miaka ya tisini, inatumia DOS, mfumo endeshi wa zamani, na leo imekataa kuwaka. Mkobani ana flopi zake: ya DOS, ya kupimia kumbukumbu, ya kukagulia diski kuu. Flopi ni plastiki nyembamba iliyopakwa sumaku. Vumbi na miaka huila, na sekta chache (vipande vidogo vinavyobeba data) zikifa mahali pabaya, haiwashi tena kitu. Afadhali zote ziwe kwenye CD moja yenye menyu. Lakini hilo linawezekanaje?

Kunakili faili za flopi na kuziweka kwenye CD hakutoshi. BIOS, programu ya ndani inayoiamsha kompyuta ya zamani, haianzi kwa kutafuta faili. Husoma sekta ya kwanza kabisa ya flopi, baiti 512 tu, na kuendesha programu fupi iliyomo. Sekta hiyo haimo kwenye orodha ya faili, kwa hiyo anayenakili faili huiacha nyuma. Inabidi kuichukua diski nzima, sekta zote 2,880, iwe faili moja ya baiti 1,474,560. Kwenye Linux, amri ya dd inatosha.

CD nayo ina mpangilio wake: sekta zake ni za baiti 2,048. Mwaka 1995 Phoenix Technologies na IBM walitoa kanuni iitwayo El Torito, inayoieleza BIOS jinsi ya kuanzia kwenye CD. Sekta namba 17 huelekeza penye katalogi, na katalogi husema programu ya kuanzia iko wapi. Kanuni hiyo hata inairuhusu BIOS kuichukua sehemu ya CD kana kwamba ni flopi iliyo kwenye A:, yaani kiendeshi cha flopi. Ila ni flopi moja. Katalogi inaweza kuorodhesha kadhaa, lakini BIOS nyingi husoma ya kwanza na kuishia hapo, bila menyu yoyote.

Pengo hilo lilizibwa na ISOLINUX, sehemu ya mradi wa Syslinux ulioanzishwa na H. Peter Anvin. CD huanza na ISOLINUX yenyewe badala ya flopi ya kuigiza. Husoma faili ya isolinux.cfg, huonyesha menyu, kisha husubiri uchague. Kila flopi huhitaji mistari mitatu tu:

LABEL dos
KERNEL memdisk
APPEND initrd=dos.img

Hiyo memdisk ndiyo inayonifurahisha kuliko yote. Faili ya flopi hupakiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na memdisk hukadiria aina ya flopi kutokana na ukubwa wa faili, ndiyo maana faili isipungue hata baiti moja. Kisha hujiweka njiani. DOS inapotaka kusoma diski, huiomba BIOS kupitia wito uitwao INT 13h. Sasa memdisk huupokea wito huo kwanza, na ukiihusu A:, huujibu yenyewe kutoka kwenye kumbukumbu. DOS haioni tofauti yoyote isipokuwa kasi. Inaweza hata kuandika kwenye "flopi" hiyo, ingawa kilichoandikwa hupotea umeme ukizimwa.

Nafasi si tatizo kabisa. CD ya dakika 80 ina sekta 360,000, sawa na flopi 500 kamili, ukitoa kidogo cha menyu na programu zake.

Mipaka ipo. Mfumo unaoendesha diski kwa madereva yake wenyewe (programu za kuendeshea vifaa) bila kuiuliza BIOS, kama Linux au Windows NT, hautaiona flopi hiyo ya kumbukumbuni. Kwa Linux hakuna hasara, kwa kuwa ISOLINUX hupakia kerneli, kiini cha mfumo, moja kwa moja. Nazo kompyuta mpya zenye UEFI pekee, mrithi wa BIOS, hazitaiwasha CD ya namna hii hata kidogo.

Unapotengeneza ISO, yaani faili moja yenye CD nzima, kwa programu ya mkisofs, usisahau -no-emul-boot, -boot-load-size 4 na -boot-info-table, maana bila hizo ISOLINUX haianzi vizuri. Ijaribu kwanza ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta, uchague kila kitu kwenye menyu, ndipo uchome CD. Na anza kunakili flopi iliyochakaa zaidi, ingali inasomeka.