Prodyuza wa roots: bosi, mtunzi au fundi mitambo?

Ukimtaja prodyuza Dar au Nairobi, watu wanamwona kijana mbele ya kompyuta: anatengeneza biti, anarekodi sauti, anamiksi. Picha hiyo haifiki Jamaika ya miaka ya 1970, kwenye reggae ya roots, ile ya Urasta, Afrika na maisha magumu ya Kingston. Kule prodyuza alikuwa kwanza mwenye hela. Alikodi studio, akawalipa wapiga vyombo na mwimbaji, kanda ikabaki mali yake. Mitambo ilikuwa na fundi wake. Wengine wakubwa kabisa hawakujua kupiga hata chombo kimoja.

Mali yenyewe ilikuwa mdundo, ambao Wajamaika huuita riddim. Ukisharekodiwa, waimbaji kadhaa wanaweza kupita juu yake, kila mmoja na maneno yake, na upande wa pili wa santuri ukabeba vesheni isiyo na mwimbaji. Kwenye vesheni hizo ndipo ilipozaliwa dub, muziki wa kuuvunja mdundo na kuujaza mwangwi.

Lee "Scratch" Perry ndiye anayevuruga maana hii, kwa sababu alizibeba kazi zote kichwani mwake. Alizaliwa mwaka 1936 huko Kendal, akaanza kama mtu wa kutumwatumwa kwa prodyuza Coxsone Dodd, mwenye studio ya Studio One, huku akitunga nyimbo na kutafuta waimbaji. Akaona hathaminiwi, akahamia kwa prodyuza mwingine, Joe Gibbs. Huko nako wakakosana. Mwaka 1968 alitoa "People Funny Boy", kijembe cha wazi kwa bosi wake wa jana, na ndani yake kuna mtoto mchanga analia. Aliyekulia kwenye taarab haulizi maana: ni mipasho.

Baadaye wakaja Wailers, kundi la Bob Marley. Wimbo "Small Axe" unasema shoka dogo litaangusha mti mkubwa, na husimuliwa kwamba fumbo lake limo kwenye matamshi: kwa Mjamaika, "mti" na "tatu" kwa Kiingereza husikika sawa, na walengwa walikuwa wakubwa watatu wa biashara ya santuri. Ushirikiano huo nao uliishia kwenye ugomvi wa fedha. Wailers waliondoka na wapigaji wa besi na ngoma wa Perry, ndugu wawili wa ukoo wa Barrett.

Mwishoni mwa 1973 alijenga studio nyuma ya nyumba yake, akaiita Black Ark. Hapa bosi, mtunzi na fundi wakawa mtu mmoja. Mashine yake ilikuwa na njia nne tu za kurekodia. Zikijaa, alizichanganya na kuzihamishia kwenye njia chache zaidi ili apate nafasi ya kuongeza ngoma, sauti, mwangwi. Kila uhamisho uliongeza ukungu kidogo kwenye kanda. Fundi mwingine angeona aibu. Kwangu mimi ukungu ule ndio utamu wenyewe, na studio za bei mbaya hazijauiga sawasawa.

Je, mtunzi ni nani hapo? Mwimbaji Junior Murvin alifika mwaka 1976 na wimbo wake "Police and Thieves", Perry akayagusa maneno, na wote wawili wakaandikwa kuwa watunzi. Kisha riddim ileile ikafanya kazi tena: Jah Lion akaipitia kwa "Soldier and Police War", na Murvin mwenyewe akairudia kwa "Bad Weed". Mwaka uliofuata The Clash, bendi ya punk ya Uingereza, wakaurekodi wimbo ule London.

Black Ark iliteketea kwa moto, na Perry alisema aliuwasha mwenyewe. Aliendelea kurekodi ughaibuni, akapata Grammy mwaka 2003 kwa albamu "Jamaican E.T.", na akafariki Agosti 2021 huko Lucea, Jamaika, akiwa na miaka 85.